Mapumziko ya Watoto Wetu na Vibanda vya Giza



Shule zikifungwa, wazazi wengi hufurahi kwa sababu moja na kuhangaika kwa sababu nyingine. Hufurahi kwa kuwa watoto wamerudi nyumbani, nao watasaidia kazi. Huhangaika kwa kuwa kazi hukoma, jua lingali juu, na mtoto hajulikani yuko wapi. Leo twataka kufundishana juu ya saa hizo zinazobaki. Katika mafundisho ya dini twaeleza vema wajibu wa sala na wajibu wa kazi. Juu ya wajibu wa kupumzika twasema machache mno. Nafasi hiyo tuliyoiacha tupu, wengine wameijaza.

I. Kupumzika si dhambi

Yatupasa kuanza hapa, maana wako wazazi wanaodhani kwamba mtoto mwema ni yule asiyecheza. Sivyo. Mwenyezi Mungu mwenyewe alitupa Amri ya Tatu, nayo ndani yake ina pumziko. Nabii Zakaria, akiueleza mji wa Yerusalemu utakapobarikiwa, alitaja watoto wa kiume na wa kike wakicheza katika njia zake. Mji usio na watoto wachezao ni mji wenye msiba. Bwana wetu Yesu Kristu naye, Mitume waliporudi wamechoka, aliwaita waende kando wapumzike kidogo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, anasimulia habari ya kale juu ya Mtume Yohane. Watu walichukizwa kumwona mzee huyo akicheza pamoja na wanafunzi wake. Mmoja wao alikuwa na upinde. Mtume akamwambia apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, akasema Mtume: ikivutwa daima, itakatika. Basi, Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba kucheza kwa kiasi ni fadhila. Lakini aongeza masharti: mchezo usiwe na neno au tendo chafu wala la kudhuru, usimwondolee mtu uzito wote wa akili, na umfae mchezaji kwa umri wake, mahali na wakati.

Tuyashike masharti hayo, maana ndiyo mizani tutakayopimia mambo yote yanayofuata.

II. Mfano wa Mandewa

Tutwae mfano wa Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida, mahali ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua. Mwezi Desemba shule zikifungwa, mvua imeanza au yakaribia, na jembe lamwita kila mwenye mikono. Lakini likizo ya katikati ya mwaka huja wakati mwingine kabisa: uwele na mtama vyamalizika kuvunwa, alizeti yapurwa, upepo wa kipupwe wavuma, na mtoto hujikuta ana nafasi kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka.

Zamani nafasi hiyo ilijazwa na kuchunga, mpira wa makaratasi, bao la kuchimba ardhini, na hadithi za jioni. Siku hizi, kama ilivyo pembezoni mwa kila mji wa nchi yetu, ziko njia tatu nyingine. Kiko kibanda cha video, ambacho watu hukiita kibanda umiza, jina linalotosha kueleza jinsi watu wanavyobanana humo. Liko banda la gemu, ambamo vijana hulipa ili washindane kwa mitambo. Na iko simu janja, ambayo ni kibanda cha namna zote mbili kinachotiwa mfukoni. Msomaji wa Newala au wa Bukoba asidhani twamsema mtu wa Mandewa peke yake. Aangalie nyuma ya soko la kwao.

Sinema si jambo jipya kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mpango wa kutengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, nazo zilichukuliwa kwa lori kwenda kuonyeshwa vijijini. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Tuangalie tofauti. Sinema ya lori ilionyeshwa uwanjani, mbele ya wazee, akina mama na watoto pamoja. Likitokea jambo la kuchukiza, mzee alikohoa, na kila mtu akajua. Televisheni ya kwanza ya mtaa ilitazamwa sebuleni kwa mtu, na mwenye nyumba yumo. Kibandani mzee hayumo. Simuni hayumo hata mtoto mwenzake. Hatua kwa hatua picha zimezidi kumkaribia mtoto, na macho ya mtu mzima yamezidi kuwa mbali naye.

Tena, mzazi asijifariji kwamba mtoto haelewi lugha ya wageni. Wako watu hodari wanaozieleza filamu hizo kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na Lufufu wa Dar es Salaam alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wa kwetu nao wamekuwa wakitoa filamu za kutisha. Nsyuka na Shumileta, zote mbili za Mussa Banzi, zilijulikana sana. Kwa hiyo zimwi la siku hizi lasema Kiswahili safi.

III. Zimwi la jikoni na zimwi la kibandani

Hapo mtu atatuuliza: je, wazee wetu hawakuwatisha watoto? Hadithi za mazimwi hazikuwapo? Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu la haki.

Zilikuwapo, na zilikuwa nzuri. Bibi alisimulia usiku, moto ukififia, habari za zimwi lenye kumeza kijiji kizima. Lakini tazama mambo matatu. Kwanza, mtoto alikuwa amemwegemea bibi. Pili, bibi alikuwa akiyaangalia macho ya mtoto. Akiona hofu imezidi, alilipunguza zimwi, au aliingiza wimbo, au alimleta mwokozi mapema. Tatu, zimwi lilishindwa, na watu waliomezwa wakatoka. Mtoto akaenda kulala akijua kwamba uovu upo, lakini hautawali.

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la jikoni lilimjua mtoto. Zimwi la kibandani halimjui. Halijui kama ana miaka sita au kumi na sita. Halijui kama baba yake amezikwa mwezi uliopita, naye usiku huo ataota kaburi. Haliwezi kujipunguza. Na filamu nyingi za namna hiyo humalizika kwa mkono unaochomoza tena kaburini, ili mtazamaji anunue sehemu ya pili. Hofu isiyo na mwisho ndiyo bidhaa yenyewe.

Hatusemi kwamba kila filamu ya kutisha ni dhambi kwa kila mtu. Mtu mzima aweza kutazama hadithi nzito ya uovu, akatoka amechukia uovu. Biblia Takatifu yenyewe haifichi usiku wa mfalme Sauli kwa yule mwanamke wa Endori. Twasema kwamba chakula cha mtu mzima chaweza kumsonga mtoto, na mzazi ndiye aliyepewa na Mungu kazi ya kukatakata tonge.

IV. Hofu ikitoka kibandani huenda wapi?

Sasa tumefika mahali penye uzito kuliko pote. Katika nchi nyingine wazazi huhofu kwamba mtoto ataota ndoto mbaya. Kwetu lipo jambo kubwa zaidi, kwa sababu wengi wanaokaa kibandani hawaitazami filamu ya uchawi kama hadithi tu. Huitazama kama habari. Mtoto aonapo katika picha bibi kizee mwenye macho mekundu akiruka usiku, kisha akarudi nyumbani na kumkuta bibi wa jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, atawaza nini?

Twajua mawazo hayo yalikofika. Usukumani, wanawake wazee wasio na hatia wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Tangu mwaka 2006 na 2007 nchi yetu iliona aibu mbele ya dunia kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa sababu waganga waliwadanganya watu kwamba humo mna utajiri. Na Singida yenyewe yajua jinsi hofu inavyotumiwa. Katika miaka ya 1940, hasa 1946 na 1947, wilaya ya Singida ilitikiswa na mauaji ya wale walioitwa watu simba. Maiti zilikutwa na majeraha kama ya kucha, watu wakaamini ni simba wa kichawi. Walakini uchunguzi ulionyesha mikono ya wanadamu, na kesi zikapelekwa mahakamani. Tulielewe fundisho hilo: hofu ya mambo ya giza ilikuwa vazi la muuaji. Maadamu watu waliogopa simba wa kichawi, hawakumtafuta mtu mwenye kisu.

Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyowaua watu hao. Imani hiyo ni ya zamani kuliko sinema. Twasema kwamba moto huo bado haujazimika, na kila anayemwonyesha mtoto picha za namna hiyo bila kumweleza neno anaongeza kuni. Mkristo abatizwapo humkataa Shetani na fahari zake. Tutamwambiaje mtoto siku ya Dominika kwamba Kristu ameshinda giza, ikiwa siku sita alifundishwa kwamba giza ndilo lenye nguvu?

Injili yatupa mfano mzuri. Usiku ule ziwani, Mitume walipomwona Yesu akitembea juu ya maji, walipiga kelele kwa hofu wakidhani ni mzuka. Bwana hakuwacheka, wala hakuwaacha. Alisema nao mara moja, wakaitambua sauti yake. Mtoto aliyeogopa ahitaji hiyo: sauti anayoijua, inayosema naye mara moja. Mzazi ampigaye mtoto kwa kuwa ameota ndoto ya kibandani amemfundisha kuficha, hakumfundisha kutoogopa.

V. Juu ya michezo ya video

Michezo ya video ni jambo jingine, nayo yafaa kuhukumiwa peke yake. Iko michezo ya kandanda, ya magari, ya kupanga miji, ya kutatua mafumbo. Hiyo humzoeza kijana kufikiri upesi, tena humkutanisha na wenzake. Iko pia michezo ambayo kazi yake yote ni kuua, na anayeua wengi ndiye anayesifiwa. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2007, alizikemea filamu na michezo ya video ambayo kwa jina la burudani hutukuza ujeuri na kuyashusha mapenzi ya mwanamume na mwanamke.

Lakini hata mchezo usio na damu una hatari yake, nayo ni muda. Bao lina mwisho: kete zikiisha, mmoja ameshinda, mwenzake acheka au anuna, na wote wawili huinuka. Mpira una mwisho: jua huzama. Michezo mingi ya mitambo imetengenezwa isiwe na mwisho. Ukipita ngazi moja, nyingine yakungoja, na ukiacha leo, kesho utakuta wenzako wamekupita. Mtengenezaji hupata faida mchezaji asipoinuka. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya magonjwa, na ndani yake umo ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya video; orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Alama zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata aonapo madhara. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hilohilo kwa maneno machache: asitawaliwe na kitu chochote.

Tena wazazi waangalie mlango wa pili. Pengine jirani na banda la gemu pana mashine za kamari, zile ziitwazo dubwi, na simu ile ile ya mchezo ndiyo ya kubeti. Sheria ya nchi yawakataza wenye umri chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mtoto aliyezoea kulipa ili ashindane hahitaji kusukumwa sana ili alipe akitumaini kupata fedha.

Je, yawezekana kijana kucheza bila kutawaliwa? Yawezekana. Carlo Acutis, aliyefariki nchini Italia mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na mtambo wa PlayStation kama wenzake. Husimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa juma. Akili yake ya kompyuta aliitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi Takatifu. Hakuuvunja mtambo wake, aliuwekea mpaka.

VI. Tufanye nini?

Kanisa halikuamka leo. Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua juu ya sinema, Vigilanti Cura, mwaka 1936, akiwasifu waamini wa Marekani walioahidi kwa pamoja kutozitazama filamu mbaya. Pio XII aliandika Miranda Prorsus mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Inter Mirifica mwaka 1963. Zote zakubaliana: vyombo hivi ni zawadi, na mwenye kuvitumia lazima achague. Basi, tuchague namna hii.

Kwanza, mzazi aingie. Aende kibandani mwenyewe, si kwa kelele, bali aketi dakika chache aone kinachoonyeshwa. Amwulize mwenye kibanda kwa upole filamu hiyo ni ya umri gani, maana tangu Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 filamu zapaswa kukaguliwa kabla ya kuonyeshwa. Mwenye kibanda ni jirani anayetafuta riziki. Wengi wao wana watoto pia, na wakiombwa na wazazi kumi hawatakataa kutenga saa za watoto na filamu za watoto.

Pili, familia iwe na sheria chache zinazojulikana: saa za kucheza, saa ya kuweka simu mahali pamoja usiku, na hakuna mchezo kabla ya Misa ya Dominika. Baba naye aitii. Mtoto hataiacha simu mezani ikiwa baba ala chakula akiitazama yake.

Tatu, tazameni pamoja, kisha mzungumze. Neno moja la mama, kwamba damu ile ni rangi na yule mzimu ni mtu aliyepakwa unga, humponya mtoto kuliko makatazo mia.

Nne, tuwape kitu badala yake. Ukimwambia kijana aondoke kibandani, mwambie na pa kwenda. Parokia ina uwanja, ufunguliwe. Watoto wana Shirika la Utoto Mtakatifu, wanafunzi wana TYCS, vijana wana VIWAWA. Mikutano yao isilale wakati wa likizo, maana ndipo ihitajikapo. Ukumbi wa parokia waweza kuonyesha filamu njema Jumamosi moja, taa zikiwashwa baadaye watu wazungumze. Na bibi wangali hai. Waombwe kusimulia kabla hadithi zao hazijafuatana nao kaburini.

Tano, tusimwache mama peke yake. Wako akina mama wanaotoka alfajiri kwenda kuuza vitunguu au kupika chakula cha vibarua, wasirudi hata jioni. Kwa mama huyo kibanda ndicho mlezi pekee aliyeonekana, naye hastahili kulaumiwa na wenye wasichana wa kazi. Hapa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ionyeshe kuwa ni jumuiya kweli. Familia tano zikipeana zamu, kila moja siku yake, watoto wote watakuwa machoni pa mtu mzima juma zima, wala haitagharimu zaidi ya sufuria ya uji.

Wazazi wapenzi, shule zikifunguliwa mwalimu atauliza mtoto amejifunza nini nyumbani. Naye Mungu atatuuliza sisi. Tusiwe watu waliolinda kuku wasichukuliwe na mwewe, na watoto wakachukuliwa mchana kweupe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika Jumuiya

1. Je, twajua mahali walipo watoto wetu saa kumi alasiri wakati wa likizo? Na simu zetu, nani huzishika usiku?
2. Mtoto akituuliza kama wachawi wana nguvu kuliko Mungu, tutamjibuje?
3. Katika Jumuiya yetu, ni mzazi gani asiye na wa kumwangalizia watoto, na tutaanza kumsaidia siku gani?